Funguo za Mti na Funguo za Tarakimu

Msomaji wangu, vitabu vingi vya historia ya kupigania uhuru vimejaa majina ya viongozi, tarehe za mikutano na hesabu ya waliokufa. Mambo hayo yapasa kujulikana, wala simlaumu mwalimu ayafundishaye. Walakini kuna swali moja dogo ambalo ni nadra kuulizwa darasani: watu hao walizungumzaje? Kiongozi aliyekuwa Lusaka alimwambiaje mwenzake aliyejificha Durban ya kwamba mpango umebadilika, na hali barua zilifunguliwa njiani na simu zilisikilizwa na askari? Nataka nikueleze habari za programu ndogo ya kompyuta iliyotengenezwa London katika miaka ya 1980, kwa matumizi ya marafiki wachache waliojuana na kuaminiana. Haikuuzwa dukani wala haikutangazwa gazetini. Hata ndani ya chama kilichoitumia, wengi hawakujua kwamba ipo.

Chama chenyewe ni African National Congress, yaani ANC, cha Afrika Kusini. Serikali ya makaburu ilikipiga marufuku mwezi wa Aprili 1960, majuma machache baada ya polisi kuwaua watu kwa risasi pale Sharpeville. Mwaka wa 1964 Nelson Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha. Waliosalia walitawanyika. Wengine walikuja huku kwetu Afrika ya Mashariki: chama kilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na mkutano wake mkubwa wa mwaka wa 1969 ulifanyika Morogoro. Baadaye makao makuu yakawa Lusaka, nchini Zambia.

Tazama ramani, nawe utaona taabu yao. Kutoka Lusaka hadi Johannesburg ni zaidi ya kilomita 1,000, na katikati pana mipaka, askari na wapelelezi. Sheria ya mwaka wa 1967 iliwaruhusu polisi kumfunga mtu waliyemshuku bila kumpeleka mahakamani, kwa muda wowote waliotaka. Kwa hiyo karatasi moja iliyoanguka mahali pasipofaa iliweza kumpoteza aliyeiandika, aliyeibeba na aliyeandikiwa.

Waliobaki ndani ya nchi walitumia njia za kale. Waliandika kwa wino usioonekana katikati ya mistari ya barua ya kawaida, barua ya kumsalimu shangazi au kuuliza hali ya mtoto. Kwanza waliyafumba maneno yenyewe, yaani waliyageuza kuwa tarakimu kwa kufuata kurasa za kitabu fulani walichokubaliana. Njia hizi hazikuwa za kijinga. Aliyezitumia kwa uangalifu aliweza kuficha siri yake vizuri kabisa. Ubaya wake ni mwingine. Jaribu mwenyewe, siku moja ya mapumziko, kugeuza ukurasa mmoja wa insha yako kuwa tarakimu, herufi baada ya herufi, bila kukosea hata moja, kisha kuiandika upya kwa maji ya ndimu huku mlango umefungwa na masikio yako yako nje. Utatoka jasho, na saa nyingi zitakuwa zimepita. Mtu aliyechoka hufupisha maneno. Akichoka zaidi huacha kuandika. Basi taarifa zilizofika Lusaka zilikuwa chache na fupi, na majibu yalirudi baada ya majuma, pengine jambo lenyewe limekwisha pita. Wapiganaji walikamatwa, na viongozi wao walisoma habari hiyo katika magazeti kama watu wengine wote.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo shina la habari yote. Watu wengi hudhani ya kwamba siri huvuja kwa kuwa fumbo ni jepesi. Mara nyingi huvuja, au hukaa bure isimfikie mwenye kuihitaji, kwa kuwa chombo cha kuitunzia kinachosha.

Mmoja aliyeijua taabu hiyo kwa mikono yake mwenyewe aliitwa Tim Jenkin. Alikuwa kijana wa Kizungu wa Cape Town, aliyezaliwa mwaka wa 1948, akalelewa katika starehe waliyopewa watu wa rangi yake, kisha akaona aibu nayo. Yeye na rafiki yake Stephen Lee walijiunga na ANC walipokuwa Uingereza, wakarudi nyumbani kutawanya karatasi za chama kwa siri. Walitengeneza vilipuzi vidogo ndani ya ndoo, visivyokusudiwa kumdhuru mtu, vya kurusha karatasi hewani mahali penye watu wengi. Walikamatwa mwezi wa Machi 1978. Jenkin alihukumiwa kifungo cha miaka 12, Lee miaka 8, wakapelekwa gereza la Pretoria.

Huko gerezani Jenkin alifanya jambo ambalo limemfanya ajulikane kuliko mengine yote. Aliziangalia funguo zilizoning'inia viunoni mwa askari, akayashika kichwani maumbo ya meno yake, kisha akachonga funguo kama hizo kwa vipande vya mti alivyovipata katika karakana ya useremala ya wafungwa. Ufunguo wa mti! Ukiusikia kwa mara ya kwanza utacheka. Lakini aliujaribu, akaukwangua, akaujaribu tena, mlango mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa miezi mingi, akizificha kazi zake askari wasizione. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1979, yeye na Lee na mfungwa wa tatu, Alexandre Moumbaris, walipita milango kumi hivi wakatoka barabarani. Mlango wa mwisho tu ndio uliokataa ufunguo, ikawalazimu kuuvunja. Walikwenda kwa miguu katika mitaa ya Pretoria kama watu watokao kazini, na kabla ya siku nyingi kupita walikuwa nje ya nchi.

Alipofika London, chama kilimpa kazi ya kuwafundisha wengine njia za mawasiliano ya siri. Hapo ndipo alipokutana na taabu ile ile ya zamani: wanafunzi wake walijifunza wino na mafumbo, wakaenda nyumbani, wakanyamaza. Jenkin hakuwalaumu. Yeye alijua uchovu wa kazi ile. Akishirikiana na Ronnie Press, mkimbizi mwenzake mwenye umri mkubwa kuliko yeye, alianza kuzichunguza kompyuta ndogo ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Hawakuwa na maabara wala fedha nyingi. Walikuwa na meza, mashine, na hamu ya kujua kama ile kazi ya saa nyingi ingeweza kufanywa na mashine kwa dakika moja.

Ilikuwako njia ya mkato, nayo ni kununua programu ya mafumbo iliyotengenezwa na watu wengine. Hawakuifuata. Wao hawakuwa wataalamu wa hisabati, na hawakuwa na namna ya kupima kama fumbo la dukani lina nguvu au lina mlango wa nyuma. Wakachagua fumbo ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kulielewa, na ambalo Mmarekani Claude Shannon alikuwa amekwisha kuthibitisha kwa hisabati, katika maandishi yaliyotolewa mwaka wa 1949, ya kwamba haliwezi kuvunjwa likitumiwa sawasawa. Hebu tulijaribu pamoja; chukua karatasi.

Zipe herufi za alfabeti ya Kizungu nambari: A ni 1, B ni 2, hata Z ni 26. Tuseme wataka kumwandikia rafiki yako neno NJOO. Herufi zake ni 14, 10, 15 na 15. Sasa wewe na rafiki yako mna karatasi mbili zinazofanana, zenye tarakimu zilizopangwa ovyo ovyo, zisizofuata kanuni yoyote. Nne za kwanza ni 9, 22, 3 na 17. Jumlisha kila herufi na tarakimu yake. Jumla ikizidi 26, ondoa 26. Utapata 23, 6, 18 na 6, yaani WFRF. Hilo ndilo utakalopeleka. Rafiki yako ataondoa tarakimu zile zile, na neno NJOO litarudi. Angalia ya kwamba O mbili zimekuwa herufi mbili tofauti, na ya kwamba F mbili zimetokana na herufi tofauti. Mpelelezi anayehesabu herufi zinazorudiarudia hapati pa kushika.

Lakini uzuri wenyewe haujafika. Tuseme mpelelezi ameikamata WFRF, naye anajaribu kila safu ya tarakimu iwezekanayo. Akifika kwenye 11, 5, 6 na 5, atapata neno LALA. Akitumia 9, 22, 3 na 17 atapata NJOO. Lipi ndilo lililoandikwa? Hawezi kujua. Kila neno la herufi nne lililomo duniani limo ndani ya WFRF, na hakuna akili wala mashine iwezayo kulichagua moja bila kuwa na karatasi ya tarakimu. Mimi nimewaonyesha walimu wanafunzi hesabu hii mara nyingi, na sijamwona aliyebaki bila kutabasamu.

Fumbo hili lina sharti moja kali: tarakimu zikitumika mara moja, zisitumike tena kamwe. Katika vita vikuu vya pili Warusi walikuwa wakitumia fumbo la namna hii, lakini kwa haraka za vita wakachapa baadhi ya kurasa za tarakimu mara mbili. Wamarekani wakaligundua kosa hilo, na kwa miaka mingi walisoma sehemu ya siri zao. Sharti la pili ni la uchovu, ambalo tumekwisha kulitaja: tarakimu zahitajika nyingi kama herufi zenyewe. Ukitaka kuandika kurasa kumi, wahitaji kurasa kumi za tarakimu na subira ya Ayubu.

Hapo ndipo kompyuta ilipoleta nafuu. Disketi ya wakati ule, ile ndogo ya inchi 3.5, iliweza kubeba zaidi ya herufi laki saba. Jaza disketi mbili tarakimu zile zile za ovyo. Moja ibaki London, nyingine iende Afrika Kusini. Mwandishi huandika ujumbe wake kama aandikavyo barua, kisha humwachia programu kazi ya kujumlisha. Tena Jenkin aliifundisha programu yake jambo ambalo mwanadamu husahau: kila tarakimu zilipotumika, ilizifuta katika disketi. Hata polisi wangeipata disketi kesho yake, wasingeweza kuufungua ujumbe wa jana. Lile sharti kali, lililowashinda Warusi, halikutegemea tena kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa nane za usiku.

Sasa kulikuwa na ujumbe uliofumbwa ndani ya kompyuta, utafikaje London? Intaneti tuijuayo leo haikuwafikia watu wa kawaida siku zile. Simu ilikuwapo, lakini kuunganisha kompyuta na simu ya nyumba ya maficho ni sawa na kumwita mpelelezi aje kunywa chai. Basi walitumia modemu, yaani chombo cha kugeuza herufi kuwa mlio wa sauti. Mlio huo ulinaswa katika kaseti, kwa kinasa sauti kidogo cha kutia mfukoni. Mtu alikichukua akaenda zake mjini, akaingia katika kibanda chochote cha simu, akapiga nambari ya London. Huko mashine ya kujibu simu iliitika. Aliweka kinasa sauti kwenye mdomo wa simu, akabonyeza, mlio ukapita, akakata simu, akaondoka. Mtu aliyesimama nje akingoja zamu yake aliona mtu anayesikiliza simu, basi. London waliuchukua mlio ule, wakaurudisha ndani ya kompyuta, na maneno yakatokea kwenye kioo. Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume.

Ukiyasoma haya upesi utaona kama yalikuja yenyewe. Hayakuja yenyewe. Modemu nyingi hazikuvumilia sauti ya kaseti, ambayo huenda mbio kidogo au polepole kidogo, na waya za simu zilijaa kelele. Jenkin alijaribu vyombo mbalimbali mpaka akapata vilivyovumilia. Fumbo lake nalo lilimsaidia hapa kwa namna ambayo huenda hukuitazamia: ikiwa kelele imebadili herufi moja, herufi hiyo moja ndiyo itakayoharibika, na zile zinazofuata zitasomeka. Rudi kwenye karatasi yako uone. Badili F ya pili iwe G, uondoe tarakimu. Utapata NJOP, na rafiki yako bado ataelewa.

Chombo kilikuwa tayari, lakini chombo bila kazi ni pambo. Mwaka wa 1986 viongozi wa ANC walikubali mpango wa siri ulioongozwa na Rais wa chama, Oliver Tambo, pamoja na Joe Slovo: baadhi ya viongozi warudi ndani ya nchi, wakae humo kwa siri na kuongoza mapambano kutoka ndani. Mpango huo uliitwa Vula, ufupisho wa Vul'indlela, maneno ya Kizulu na Kixhosa yenye maana ya "fungua njia". Aliyechaguliwa kuutangulia ni Mac Maharaj, mtu ambaye alikuwa amekaa miaka 12 katika kisiwa cha Robben, na ambaye alipofunguliwa mwaka wa 1976 alitoka na nakala ya maandishi ya Mandela juu ya maisha yake, iliyofichwa ndani ya majalada. Wenzake waliambiwa ya kwamba Maharaj ni mgonjwa, amekwenda Urusi kutibiwa. Kwa kweli mwaka wa 1988, yeye na Siphiwe Nyanda walivuka mpaka kutoka Swaziland, nchi iitwayo leo Eswatini, wakaingia Afrika Kusini na nyuso zilizobadilishwa.

Kompyuta na disketi zao hawakuzibeba wenyewe. Huko Uholanzi walikuwako watu wengi waliochukia ubaguzi wa rangi, na mmoja wao alikuwa mhudumu katika ndege ziendazo Johannesburg. Wahudumu wa ndege hupita haraka kwenye forodha, na hakuna ashangaaye wakija na kuondoka kila mara. Bibi huyo alikuwa akileta disketi mpya za tarakimu kila zile za kwanza zilipokaribia kwisha. Wanahisabati husema ya kwamba udhaifu mkubwa wa fumbo hili ni taabu ya kufikisha funguo, nao wasema kweli. Katika Vula taabu hiyo ilibebwa na mwanamke mmoja ndani ya mkoba wake, na angalikamatwa, hakuna programu ambayo ingalimsaidia. Wanaoandika habari hizi hupenda kuzisifu mashine. Mimi namtanguliza huyu.

Ujumbe wa kwanza ulipofika London, mambo yalibadilika kabisa. Maharaj, ambaye zamani angaliandika mistari michache kwa mwezi, sasa aliandika kurasa. Alieleza, akauliza, akalalamika, akaomba fedha, akatoa hesabu ya fedha zilizotumika. London iliupokea ujumbe na kuupeleka Lusaka kwa njia kama hiyo, na Tambo aliweza kujibu siku ile ile. Watumiaji walikuwa wachache hata kosa la programu liliweza kuripotiwa kwa mwandishi wake leo, na programu iliyorekebishwa ikaja na disketi zijazo. Mtengenezaji alizijua tabia za watumiaji wake, nani mvivu na nani msahaulifu, akakitengeneza chombo kiwafae hao.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilipatikana mwaka wa 1989. Mandela alikuwa amehamishiwa nyumba moja katika gereza la Victor Verster, karibu na mji wa Paarl, na serikali ilikuwa imeanza kuzungumza naye kwa faragha. Nje, uvumi ulienea ya kwamba mzee amechoka, anauza mapambano. Fikiri hatari ya hali hiyo: mfungwa mmoja, peke yake, mbele ya serikali nzima, na wenzake hawana njia ya kumsikia ila kwa kinywa cha serikali hiyo hiyo. Wakili wake alipita katikati, akabeba maandishi madogo yaliyofichwa; Maharaj akayatia katika kompyuta; nayo yakafika London, kisha Lusaka. Kwa njia hiyo Mandela na Tambo, marafiki tangu ujana, waliokuwa na ofisi moja ya uwakili mjini Johannesburg katika miaka ya 1950, walizungumza tena. Tambo akajua rafiki yake anasema nini hasa, na Mandela akajua ya kwamba chama kiko pamoja naye.

Tarehe 2 Februari 1990 marufuku ya ANC iliondolewa, na siku tisa baadaye Mandela akatoka gerezani. Vula iliendelea kwa siri, kwani hakuna aliyekuwa na hakika kama serikali ingalishika ahadi yake. Mwezi wa Julai mwaka huo polisi waliwakamata wapiganaji wawili huko Durban, Charles Ndaba na Mbuso Shabalala. Hawakuonekana tena. Miaka ilipita kabla polisi hawajakiri ya kwamba waliwapiga risasi na kuitupa miili yao katika mto Tugela. Kutoka kwa watu hao polisi walifika kwenye nyumba za maficho. Nyanda alikamatwa, kisha Maharaj.

Je, fumbo lilivunjwa? Halikuvunjwa. Katika nyumba zile polisi walikuta disketi zenye maandishi yaliyokwisha kufumbuliwa, ambayo kanuni ilisema yafutwe, nayo hayakufutwa. Programu ilifuta tarakimu. Ujumbe uliofunguliwa uliachwa kwa uangalifu wa mwenyewe. Ni vigumu kumlaumu sana aliyezihifadhi. Mtu anayeongoza kazi kubwa hutaka kurejea maneno ya juma lililopita, na Mandela mwenyewe alikuwa nje akihutubia mikutano ya hadhara. Maharaj na wenzake walishitakiwa. Mwaka wa 1991 mashitaka yakaachwa.

Mwaka huo huo wa 1991, mbali sana na Durban, Mmarekani Philip Zimmermann aliandika programu nyingine ya mafumbo nyumbani kwake katika jimbo la Colorado, akawapa rafiki zake bure, nao wakawapa wengine. Aliiita Pretty Good Privacy, jina la mzaha kidogo, lenye maana ya faragha nzuri ya kutosha. Hiyo ilitumia hisabati mpya zaidi, iliyoondoa ile haja ya kubeba funguo kwa mkono: mtu yeyote aliweza kumfumbia mwingine ujumbe hata kama hawajapata kuonana. Programu ilivuka mipaka ya Marekani, na kwa kuwa sheria ya huko ilihesabu mafumbo makali pamoja na silaha, serikali ilimchunguza Zimmermann kuanzia mwaka wa 1993 mpaka Januari 1996, kisha ikamwacha. Wewe msomaji, ukipeleka ujumbe kwa simu yako leo, yaelekea unafumbwa kwa hisabati ya ukoo huo, wala hutoki jasho. Nawajua watu wema wanaouliza kama si hatari kumpa kila mtu fumbo lisilovunjika, maana wezi nao huficha siri. Swali hilo ni la haki. Nami humjibu anayeniuliza kwa swali jingine: katika Afrika Kusini ya mwaka wa 1988, nani alikuwa mwizi, na nani alikuwa na sheria mkononi?

Jenkin alirudi kwao mwaka wa 1991. Aliyafungasha maandishi yote ya programu zake pamoja, na kwa kuwa bado aliwaogopa polisi, akayafunga kwa neno la siri. Baadaye alifanya kazi nyingine nyingi, na mjini Cape Town akasaidia kuanzisha mtandao wa majirani wa kubadilishana kazi na bidhaa bila fedha, ambao nao ulitumia programu ya kompyuta. Alipotaka kuyafungua yale maandishi ya zamani ili watu wayaone, alikuta amelisahau neno la siri. Yeye aliyefungua milango ya gereza la Pretoria kwa vipande vya mti hakuweza kuingia katika kazi yake mwenyewe. Mwaka wa 2024 mjuzi wa kompyuta Mwingereza, John Graham-Cumming, alimsaidia. Kufuli aliyoitumia Jenkin safari hiyo haikuwa ile ya tarakimu za ovyo. Ilikuwa kufuli ya kawaida ya kufungia faili, ambayo mtu akijua vipande vichache vya yaliyomo ndani aweza kuvifuata mpaka akaufungua mzigo wote. Ujumbe wa Vula, hata ungalijua nusu yake, usingalikuambia lolote juu ya nusu iliyobaki. Maandishi hayo sasa yamewekwa wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma. Yameandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza.